Dan ya nane, ya tisa, ya kumi: nani alikuwa na uwezo wa kukunyima?

Wadau wa sanaa za mapigano, naomba tujadili wazi jambo ambalo kwenye dojo (kumbi za mazoezi) nyingi husemwa pembeni, sensei, yaani mwalimu, akishaondoka. Madaraja ya juu ya mkanda mweusi, yaani dan, kuanzia ya sita hivi kwenda juu, yana maana gani hasa? Na mtu akitambulishwa mbele yetu kuwa ni dan ya nane au ya kumi, tumwamini kwa kigezo kipi?

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayepinga ajue pa kunikamatia. Naamini daraja la juu lina uzito pale tu palipokuwa na mtu, nje ya kundi la mhusika, mwenye mamlaka ya kumnyima, na aliyepima kwa vigezo vinavyojulikana. Asipokuwepo mtu huyo, mkanda hauniambii chochote, hata kama aliyeuvaa ni hodari kweli.

Sizungumzii dan ya kwanza hadi ya nne. Huko, kwenye vyama vinavyojiheshimu, mtu husimama mbele ya watahini, akapiga kata (mfululizo wa mapigo uliopangwa), akapambana, akahema mbele za watu. Anaweza kufeli, na wapo wanaofeli. Baada ya hapo ndipo kipimo hubadilika bila tangazo. Ufundi unapungua uzito, na nafasi yake inachukuliwa na miaka ya uanachama, kufundisha, kukaa kwenye kamati, kusafiri na timu. Hayo yote ni kazi ya heshima na sidharau hata moja. Tatizo ni kwamba kiunoni mkanda ni ule ule, na umma unaendelea kuusoma kama kipimo cha uwezo wa kupigana.

Turudi nyuma kidogo, maana wengi wetu tunadhani ngazi hizi ni za kale. Kano Jigoro alianzisha judo na shule yake, Kodokan, mwaka 1882, na mfumo wa dan aliuazima kwenye mchezo wa bao wa go, ambao wachezaji wake walikuwa wakipangwa kwa madaraja tangu zamani. Mwaka 1883 aliwapa dan ya kwanza wanafunzi wawili, Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro. Kwenye karate mambo yalichelewa zaidi: Funakoshi Gichin alitoa dan za kwanza mwaka 1924, na yeye mwenyewe wakati huo hakuwa na dan yoyote ya karate. Hadi anafariki mwaka 1957 hakuwahi kumpa mwanafunzi wake zaidi ya dan ya tano. Yaani kizazi kizima kilichobeba karate ya Shotokan kuipeleka duniani kilijengwa chini ya mwalimu ambaye kwake dan ya tano ilikuwa kileleni.

Halafu vyama vikaanza kugawanyika. Kila palipozaliwa chama kipya, kiongozi wake hakuweza kukaa meza moja na wa chama kingine huku daraja lake likiwa chini. Huyu akipanda ya nane, yule lazima afike ya nane, na mwanafunzi mkubwa wa huyu naye hawezi kubaki ya tano. Kwa maoni yangu hiki ndicho chanzo kikubwa cha mfumuko tunaouona leo. Watu hawakuamka siku moja wakiwa mafundi maradufu. Vyama vilihitaji vyeo vya kuwalinganisha wakuu wao.

Sasa tuangalie mahali ambapo daraja la juu bado linauma. Kendo, sanaa ya Kijapani ya upanga. Mtihani wa dan ya nane nchini Japani hauruhusiwi kwa mtu aliye chini ya miaka 46, na lazima iwe imepita miaka 10 tangu apate ya saba. Ukumbi unajaa watu wa makamo na wazee, wengine wamepita miaka 70, kila mmoja na namba ya mtahiniwa tu. Unaitwa, unainama, unapambana na mtu wa daraja lako kwa muda wa kama dakika mbili tu, kisha na mwingine. Ndani ya muda huo mfupi watahini hawahesabu nani kapiga mara nyingi. Wanaangalia kama ulimsukuma mwenzako hadi nafasi ikafunguka au ulibahatisha, kama ulitulia baada ya pigo, kama miguu na sauti na upanga vilikwenda pamoja. Wanaopita ni karibu mmoja katika mia, mara nyingine hata hawafiki. Anayefeli anarudi nyumbani na dan yake ya saba, anajaribu tena, na wapo wanaojaribu hadi wanazikwa bila kuipata.

Mambo mawili hapo naomba msiyapite haraka. La kwanza, shirikisho la kendo la Japani liliacha kutoa dan ya tisa na ya kumi mwaka 2000. Waliona kileleni pa mtihani panatosha, wakafunga milango ya juu. La pili, kwenye kendo hakuna mkanda wa daraja. Ukimwona mtu amevaa, huwezi kujua ni wa ngapi mpaka asimame mbele yako. Nadhani hili linachangia sana: mahali ambapo daraja halivaliwi, tamaa ya kulionyesha inapungua.

Jujitsu ya Brazili imechukua njia tofauti, na kwa upande wangu ni njia ya ukweli japo ina kasoro. Kwa kanuni za shirikisho lao la kimataifa, IBJJF, mkanda mweusi hautolewi chini ya umri wa miaka 19. Kisha kuna miaka mitatu mitatu kwa ngazi tatu za kwanza, mitano mitano kwa tatu zinazofuata, na saba kufikia ngazi ya saba. Piga hesabu: miaka 31 baada ya mkanda mweusi, kwa hiyo umri wa miaka 50 kwa uchache. Mkanda mwekundu wa ngazi ya tisa haufikiwi kabla ya miaka 67. Hapo hakuna anayedanganywa. Kila mtu anajua kwamba ngazi hizo zinahesabu muda uliotumika kwenye mkeka, na kwamba kijana wa mkanda wa kahawia anaweza kumshinda mzee wa mkanda mwekundu bila mzee huyo kupoteza heshima yake. Kasoro ni kwamba muda peke yake humfikisha hata yule aliyeacha kujifunza siku nyingi.

Mbaya zaidi ni daraja la heshima linalochanganywa na la mtihani. Kukkiwon, makao ya taekwondo kule Seoul, kwa kanuni zake inamtaka mtu asubiri miaka isiyopungua 38 kutoka dan ya kwanza hadi ya tisa. Kukkiwon hiyo hiyo mwaka 2021 ilimpa Donald Trump dan ya tisa ya heshima. Kabla yake, mwaka 2013, World Taekwondo, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, ilimpa Vladimir Putin dan ya tisa ya heshima, na Februari 2022 ikamvua kwa sababu ya uvamizi wa Ukraine. Sina neno na uamuzi wa kumvua. Ninachouliza ni hiki: alivuliwa nini? Hakuna pigo alilosahau wala mtihani uliofutwa. Kilichotolewa kilikuwa ishara ya kidiplomasia, na kilichochukuliwa kilikuwa ishara ya kidiplomasia. Sasa fikiria mwalimu aliyesota miaka hiyo 38 kwa kufuata kila hatua. Cheo chake kinatamkwa kwa maneno yale yale. Nasikitika kwa ajili yake, na naona chama kilichompa ndicho kilichomshushia thamani.

Halafu kuna kundi ambalo ndilo hasa limenisukuma kuandika. Mtu anaondoka kwenye chama akiwa dan ya tatu au ya nne, anakaa kimya miaka michache, anarudi akiwa mwanzilishi wa mtindo wake mwenyewe na dan ya kumi. Ukiuliza nani kampa, unaonyeshwa cheti cha baraza la wakuu wa mitindo, na ukifuatilia unakuta wajumbe wa baraza hilo wametambuana wao kwa wao: mimi nasaini chako, wewe unasaini changu. Nimekaa kwenye onyesho la mmoja wao. Alisimama katikati ya mkeka, akanyoosha kiganja, na mwanafunzi wake akaanguka kabla hajaguswa. Akaja wa pili, akaanguka. Wa tatu, akaanguka kwa mtindo ule ule, bega la kulia kwanza. Mgeni mmoja kutoka dojo nyingine alipoomba kwa adabu kujaribu, aliambiwa mbinu hiyo ni hatari kwa asiyezoea. Watoto waliokaa pembeni walipiga makofi. Hao watoto ndio wanaoniuma, maana wataingia mtaani wakiamini mwenye kisu ataanguka kwa kiganja.

Najua hoja zitakazokuja, na mbili ni nzito.

Ya kwanza: mwanzilishi hana wa kumpandisha, hata Kano na Funakoshi hawakupandishwa na mtu. Kweli. Lakini tazama walichofanya. Funakoshi alitoa dan wakati yeye hana, na hakuna mwanafunzi aliyemdharau kwa hilo. Walitosheka na kuwa walimu. Mwanzilishi wa kweli hahitaji namba, na akiihitaji sana namuuliza kwa nini.

Ya pili inanisumbua zaidi, kwa sababu inagusa msimamo wangu wenyewe. Kama uwezo wa kunyima ndio kipimo, vipi pale mnyimaji alipokuwa dhalimu? Fukuda Keiko alianza judo mwaka 1935, chini ya Kano mwenyewe. Babu yake, Fukuda Hachinosuke, ndiye aliyemfundisha Kano jujutsu. Mama huyu alifundisha judo maisha yake yote, nchi baada ya nchi, lakini alikwama dan ya tano miaka mingi kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuvuka hapo. Ya sita alikuja kuipata mwaka 1972. Kodokan ilimpa ya tisa mwaka 2006, akiwa na zaidi ya miaka 90, na ya kumi alipewa na chama cha judo cha Marekani mwaka 2011. Alifariki mwaka 2013. Dan ya kumi ya Kodokan imetolewa kwa watu 15, watatu wa mwisho wakiwa wa mwaka 2006, na wote 15 ni wanaume.

Kwa hiyo ukali wa mnyimaji peke yake hautoshi. Ndiyo maana nimeongeza vigezo vinavyojulikana. Fukuda hakunyimwa kwa sababu ya judo yake, na kama sababu ingelazimika kuandikwa na kusomwa hadharani kila mwaka, sidhani ingedumu muda wote ule. Hapa namtetea hata aliyepewa daraja na chama kingine baada ya cha kwanza kumkatalia: dan yake ya kumi kutoka Marekani mimi naiheshimu, kwa sababu kazi iliyopimwa ilikuwa wazi kwa yeyote kuiona, na waliompa hawakuwa wakijipa wao.

Kuhusu hoja ya tatu, kwamba mzee hawezi kupigana, sibishani nayo. Hakuna mwenye akili anayemtaka mtu wa miaka 70 amshinde wa 25. Lakini kocha wa ngumi pia huzeeka, hana dan wala mkanda wa daraja, na bado watu wanajua yupi ni kocha wa kweli kwa kuangalia mabondia aliowatoa. Kwa nini tusimpime mwenye dan ya nane hivyo hivyo? Aniambie wanafunzi wake wa mkanda mweusi ni akina nani, na je, wanaweza kusimama na watu wa dojo nyingine ambao hawajafundishwa kuanguka kwa ajili yao?

Napendekeza kila mwenye dan ya sita na zaidi aseme wazi mambo haya pale anapojitambulisha kwa cheo hicho: nani alitoa, mwaka gani, kwa mtihani au kwa heshima, na aliyetoa alikuwa nani kwake. Vyama vinavyotoa vyeti vyenye namba inayoweza kuhakikiwa vimeshapiga hatua nzuri. Daraja la heshima lipewe jina lake kabisa na lisivaliwe kwenye mkeka. Na anayefundisha watu kujihami dhidi ya silaha asitumie dan kama ushahidi. Aonyeshe, mbele ya mtu asiyemjua.

Sehemu moja sijaridhika nayo, na ndipo naomba mnisaidie. Mtu aliyetoka kwenye chama kwa sababu halali, tuseme alikataa ufisadi wa viongozi, akaendelea kufundisha vizuri miaka 20 peke yake: abaki na dan ya nne aliyotoka nayo, au nani ampime? Mimi naelekea kusema abaki nayo na aitwe mwalimu, lakini naona jinsi jibu hilo linavyowapa ushindi wale wale viongozi waliomfanya aondoke. Walioketi upande wa watahini, mmewahi kumpokea mtu wa namna hiyo? Mlimpima kwa lipi?