Barabara ya vumbi kati ya vijiji viwili: track au unclassified?

mchoranjia
Habari wadau. Kwenye OpenStreetMap (ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea), barabara ya udongo yenye makorongo, inayounganisha vijiji viwili, niipe tagi (lebo ya aina) ya highway=track au highway=unclassified? Hilo la pili nalielewa kama "bado haijaainishwa". Na inapopita katikati ya nyumba, nibadili iwe residential (barabara ya makazi)?

kipimo_tatu
Ni unclassified. Jina linapotosha kweli. Limerithiwa kutoka mfumo wa barabara wa Uingereza, mradi ulikoanzia mwaka 2004, na maana yake ni barabara ndogo ya umma iliyo chini ya tertiary (daraja la tatu). Ile usiyojua daraja lake ndiyo unaiwekea highway=road, tena kwa muda tu.

Daraja hufuata kazi ya barabara, si uso wake. Track ni njia ya kuendea shambani au msituni. Kama watu wa kijiji hawana njia nyingine ya gari, hiyo si track hata magurudumu yazame. Matope yana tagi zake: surface=dirt au surface=ground, smoothness=very_bad, na width kama umepima.

Kosa hili lina gharama. Katika mipangilio ya kawaida ya gari ya OSRM (programu ya kutafuta njia), track haimo kabisa kwenye orodha ya kasi, kwa hiyo kijiji kinakatika na dereva anazungushwa mbali, au haonyeshwi njia yoyote. Unclassified na residential zote zimepewa kilomita 25 kwa saa, kwa hiyo ugomvi wa hizo mbili hauna uzito kiasi hicho.

nodi_moja
Naongezea hapo kwenye nyumba. Barabara ikiendelea hadi kijiji cha pili, iache unclassified mwanzo hadi mwisho. Residential ni ya vichochoro vya pembeni ambavyo kazi yake ni kufikisha watu majumbani.

Uso ukibadilika, gawa mstari palepale: chagua nodi (nukta ya mstari), kisha bonyeza X kwenye iD au P kwenye JOSM, zile programu za kuhariri ramani. Badilisha surface ya kipande hicho tu, highway usiiguse. Na usikisie uso kwa picha ya setilaiti, maana lami kuukuu iliyofunikwa na vumbi hufanana sana na changarawe. Huna uhakika? Acha wazi.

mchoranjia
Nimeelewa. Na pale gari lisipopita, ila pikipiki zinapita?

kipimo_tatu
highway=path pamoja na motorcycle=yes. Kigezo ni kama gari la magurudumu manne linaenea.

Ukimaliza, irudishe ramani nyuma uone eneo zima. Tertiary inayoanzia porini na kuishia porini bila kugusa barabara ya daraja lake au la juu, karibu kila mara imepandishwa cheo bure. Pia hakikisha ncha zimeshikana kwa nodi moja. Mistari miwili iliyokaribiana bila kuungana huonekana sawa kwa macho, lakini programu ya njia haiwezi kuvuka hapo.