Mwenye kibali afungue bunduki yake mwenyewe, au amwachie fundi mwenye leseni?

Ngosha wa Igoma: Wadau, mwadila. Shemeji yangu yuko Texas. Kule mtu ananunua mtutu duka hili, bolti (kile chuma kinachokwenda na kurudi kuingiza risasi na kufunga nyuma ya mtutu) duka lile, anaunga mezani kwake nyumbani. Ya kwake ni jamii ya AR-15, ile bunduki ya Kimarekani, mtutu inchi 16. Inapiga moja, ganda linatoka kivivu, bolti inarudi bila kubeba risasi inayofuata. Shabaha nayo aibu: mita 100, risasi tano zinatawanyika upana wa sinia la pilau. Nimewaza ya kwetu. Sheria ya silaha ya 2015 ilegezwe, mmiliki halali abadili vipuri mwenyewe, au ibaki kazi ya fundi mwenye leseni? Hoja tafadhali, matusi hapana.

Mstaafu Nyegezi: Raia asiguse. Sisi JKT tulifundishwa SMG, hii jamii ya AK-47, unaifungua macho yamefumbwa. Ile gesi inasukuma pistoni, masizi yanabaki mbele huko. Hiyo ya Mmarekani gesi inapita kwenye kibomba chembamba juu ya mtutu mpaka ndani kabisa kwenye kibeba bolti, inajipakaza uchafu yenyewe. Vietnam, ndugu yake ya kijeshi, M16, iliwakwamia askari vitani hadi Bunge lao likaunda kamati, 1967. Kama jeshi zima lilishindwa, shemeji yako nani?

Fundi Mwaloni: Mzee wangu shikamoo, ila hapo umeruka vitu. Vietnam walibadilisha aina ya baruti, chemba, pale risasi inapokaa, haikupakwa kromu ya kuzuia kutu, na askari waliambiwa bunduki haihitaji usafi. Hakuna raia aliyeharibu pale.

Ngosha, hiyo ni gesi pungufu. Aende kiwanjani kwao, aweke risasi moja tu kwenye magazini, apige. Bolti ikibaki nyuma, gesi inatosha, aangalie magazini. Isipobaki, gesi inavuja au haifiki. Pale mbele kuna bloku inayokaa juu ya kitundu cha mtutu. Ikisogea kidogo tu, kitundu kinazibwa nusu. Atazame masizi yametokea wapi, ndipo panapovuja. Kisha skrubu mbili za ule mdomo wa gesi juu ya kibeba bolti, zikilegea imekwisha. Watamwambia apange pete tatu za bolti mianya isikutane. Apuuze, pete mbovu ni iliyochakaa.

Shabaha ni kesi nyingine. Aanze na darubini na kishikio chake, wengi wanaumbuka hapo. Halafu nati ya mtutu. Halafu risasi yenyewe: mtutu wa msokoto mmoja kwa inchi tisa, yaani mifereji ya ndani inazungusha risasi mara moja kila inchi tisa, ukiulisha risasi nzito ya greni 77 (greni ni kipimo cha uzito), risasi inaweza isitulie hewani. Mimi nafungua mashine za mitumbwi Kirumba, na gesi ni gesi.

Wakili Mtarajiwa: Naomba mnisikilize kidogo. Kwa Marekani namba ya silaha iko sehemu ya chini, ndiyo inayohesabiwa kuwa bunduki. Sehemu ya juu yote, mtutu na bolti, inauzwa kama kipuri. Kwetu kibali kinaambatana na silaha fulani yenye namba fulani. Ukishabadili mtutu, polisi akikagua, ni bunduki ile ile au nyingine? Na risasi ikiokotwa kwenye tukio, italinganishwa na mtutu upi?

Dada Capri Point: Eti gesi ni gesi 😂 Fundi wa mwaloni leo mtaalamu wa silaha! Si ninyi mnaofunga kabureta ya mashine nyingine, mtumbwi unazima katikati ya ziwa, watu wanapiga makasia kwa ndoo?

Fundi Mwaloni: Dada, mtumbwi ukizima fundi ndiye analaumiwa. Hamuulizi petroli imechanganywaje. Mashine ya tustroku ya farasi 15 inataka oili lita moja kwa petroli lita 50. Mwenye chombo anamimina kwa kutumia kifuniko cha chupa na imani. Pistoni ikikwaruza, mnakuja na picha ya mashine yangu.

Mvuvi wa Ukara: Fundi usitupakazie. Oili tunaipima. Plagi mliyotuuzia kama mpya ilikuwa imepigwa brashi tu, nyuzi zake zilikuwa zimeshalika. Nimekaa juu ya maji na karabai zinawaka, dagaa wamejaa chini, mashine inakohoa. Usiku mzima wa hasara.

Mstaafu Nyegezi: Fundi, wewe ulipita JKT?

Fundi Mwaloni: Sikupita, mzee. Nilipita gereji.

Mstaafu Nyegezi: Basi.

Kaka wa Sengerema: Huku kwetu mafundi wa gobore wapo tangu mababu, na hao leseni hawaijui. Bomba la maji, kitako cha mti, baruti ya kushindilia kwa mdomo wa mtutu. Mwingine limempasukia, vidole vimekwenda. Serikali ikitangaza msamaha wa kusalimisha silaha wanapeleka moja, mbili zinabaki darini. Ninyi mnabishania bunduki ya Texas!

Dada Capri Point: Usihame mada. Tupo kwenye plagi.

Ngosha wa Igoma: Mada ni bunduki jamani. Shemeji kajibu: kakuta masizi yamezunguka bloku, skrubu yake ilikuwa inazunguka kwa vidole. Amekaza, sasa bolti inabaki nyuma. Shabaha bado. Fundi, risasi zake ni greni 55, mtutu ni mmoja kwa tisa, kwa hiyo hapo siyo msokoto, au?

Wakili Mtarajiwa: Swali langu la namba hamjajibu.

Mvuvi wa Ukara: Nataka hela yangu ya plagi.

Fundi Mwaloni: Ya kwangu hukununua, kijana. Mimi siuzi plagi, nafunga tu. Taja aliyekuuzia kama una ushahidi. Na wewe dada, hiyo kabureta iliyozima ilifungwa na nani? Lete chombo Kirumba nikifungue mbele yako, uone kilichomo.

Dada Capri Point: Bei?

Fundi Mwaloni: Njoo inbox.

Dada Capri Point: Inbox ya nini? Ushauri wa Texas umeumwaga hapa bure mbele ya watu wote, bei ya Kirumba ndiyo siri? Iandike hapa hapa, na Mvuvi aione kama ndiyo aliyotozwa.

Mvuvi wa Ukara: Naisubiri.