Wakaazi wa Ruai na Kangundo Road, nyinyi hupeleka watoto wapi penye miti?

Mama Pacha

Hamjambo wadau. Tulihamia Ruai mwaka jana kutoka Umoja. Nyumba ni yetu, na deni la sacco ni letu pia, tunamshukuru Mungu. Tuliambiwa huku nje kuna hewa. Hewa ipo, na vumbi lake juu. Kivuli ndicho hakuna. Ukitoka getini unakutana na mabati, malori ya mchanga, na ploti zilizozungushiwa waya na kuandikwa kwa rangi nyekundu kwamba haziuzwi.

Nina mapacha wa miaka saba, wavulana. Mama mkwe pia anakaa nasi, na magoti yake hayataki mlima. Gari hatuna. Jumamosi watoto wanachezea barabarani, na boda wa huku wanapita kama hawajawahi kuzaa.

Halafu kuna jambo linalonikera. Wakati wa kununua, kampuni ilitutolea mchoro mzuri wenye eneo la kijani katikati, limeandikwa kiwanja cha watoto. Leo eneo hilo lina rundo la kokoto na kibanda cha mlinzi. Nikiuliza naambiwa nisubiri awamu ya pili.

Naomba mnielekeze mahali penye miti ambapo nauli ya watu wazima wawili na watoto wawili haitamaliza pesa ya mboga ya wiki. Pawe na pa kuketi kwa ajili ya shosh wao, yaani bibi yao. Na tafadhali msiniandikie "msitu wa Karura" mkaenda zenu. Karura naijua.

Kijana wa Njiru

Karura.

Kijana wa Njiru

Samahani dada, mkono uliteleza 😂

Dereva Mstaafu

Huyo kijana amechezea swali lakini hajakosea. Ninachotaka kukwambia ni njia. Watu wa Kangundo Road tuna mazoea ya kuanzia kila safari tao, katikati ya mji, ndiyo maana tunaona Karura iko nchi nyingine. Usiingie tao. Panda gari la Eastern Bypass pale Ruai, pita Kamakis, utokee Thika Road. Hapo chukua gari la kuelekea mjini, ushuke Muthaiga, uvuke upande wa Kiambu Road. Gari lolote la Kiambu litakushusha langoni ukisema mapema. Ondokeni asubuhi, kwa sababu jioni ya Jumamosi pale Kamakis foleni ya wala nyama ni balaa.

Ndani kuna zaidi ya kilomita 50 za njia za kutembea, kwa hiyo usiwaahidi watoto kwamba mtaona kila kitu. Maporomoko na mapango ni mwendo kutoka langoni, na njia ya kwenda huko inashuka, maana yake kurudi inapanda. Mama asijaribu. Mtafutieni kivuli karibu na lango, mtu mmoja abaki naye, mwingine aende na vijana.

Jingine, usibebe maji ya chupa za dukani. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja hazikubaliwi kwenye misitu na mbuga zilizohifadhiwa, na langoni wanakagua. Bebeni thamosi na mikebe. Mtazame ada za siku hiyo na njia ya kulipa kabla hamjatoka nyumbani.

Mwalimu Wambua

Kwa nini kila mtu anaelekea magharibi? Mama Pacha, wewe uko mashariki. Barabara iliyo mbele ya nyumba yako inakwenda Tala, na kutoka Tala unafika Kilimambogo, yaani Ol Donyo Sabuk. Hifadhi hiyo ipo tangu 1967, kilele chake ni mita 2,145, na siku hewa ikiwa safi unaona Mlima Kenya na Kilimanjaro. Msitu wake ni wa kweli, si wa mikaratusi iliyopangwa mistari.

Ila niseme ukweli wote. Kupanda kwa miguu ni lazima mwende na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, kwa sababu nyati wamo, na jina la Kilimambogo halikutoka hewani. Kwa magoti ya mama, hapana. Pale chini karibu na lango mnaweza kuketi mkala. Wengine wenye magari hupanda hadi makaburi ya McMillan, mlowezi yule yule mwenye maktaba ya tao. Wanasema alitaka azikwe kileleni, gari lililobeba jeneza likashindwa na mlima, akazikwa lilipoishia nguvu.

Wengi huunganisha safari hiyo na Fourteen Falls kwa sababu ni jirani. Nenda uyaangalie maporomoko, ni mazuri hasa baada ya mvua. Watoto wasiingie majini hata kidogo. Mto Nairobi unaungana na Athi kabla ya hapo. Kila kitu ambacho Nairobi imekimwaga mtoni kinapita mbele yako kikitoa povu.

Mama Pacha

Mwalimu asante sana. Hiyo ya Kilimambogo nitaiweka kwa likizo, mjomba wao akija na gari. Sasa natafuta pa Jumamosi ya kawaida, tutoke saa tatu turudi saa kumi.

Baraka254

Kwani lazima msitu? Hapo Kamakis kuna hoteli zina bembea na kasri za kuruka za hewa. Unaagiza nyama, watoto wanaruka, shosh anaketi kwenye kochi. Tatizo limeisha.

Mama Pacha

Baraka, bei ya hiyo nyama unaijua?

Kipepeo

Kwa mama mwenye magoti mabaya mimi ningesema Arboretum, ile bustani ya miti, hata kama ni lazima uingie tao. Ni kama ekari sabini na kitu, iko kando ya State House Road, na kutoka kituo cha matatu cha katikati ya mji ni safari fupi. Ilianzishwa 1907 kujaribu aina za miti itakayotoa kuni za kuendeshea treni. Hiyo ndiyo sababu utakuta miti kutoka pembe zote za dunia imesimama pamoja, mingi ina kibao cha jina. Wavulana wako wakijua kusoma, wape kazi ya kutafuta mti uliotoka mbali zaidi, hutawasikia kwa saa nzima. Sehemu ya juu karibu na lango haina mteremko mkali na nyasi zipo. Huku chini kuelekea mtoni pana utelezi, mama asishuke.

City Park pia ni nzuri na ina historia, Murumbi aliyekuwa makamu wa rais na mwanasiasa Pio Gama Pinto wamezikwa pale. Lakini kima wa pale watakunyang'anya ndizi mkononi, na watoto wa miaka saba hulia au hukimbiza. Jipime.

Mpenda Ndege

Mtanicheka, najua. Kivutio kikubwa cha viumbe hai kule Ruai ni mabwawa ya majitaka.

Kijana wa Njiru

😂😂😂 Mama Pacha peleka shosh choo cha Nairobi nzima.

Mpenda Ndege

Cheka umalize. Mabwawa yale yanaitwa ya Dandora lakini yako Ruai, na watu wa ndege duniani wanayajua. Miezi ya Oktoba mpaka Machi bata wanaokimbia baridi ya Ulaya wanatua pale, na korongo na mwari huwakosi. Si mahali pa kuingia tu na kapu la chakula. Ni eneo la kampuni ya maji, unahitaji ruhusa, na upepo ukigeuka utajua uko wapi. Njia rahisi ni kwenda na kikundi. Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira, wana matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi, wanakutana Makumbusho ya Taifa, na huamua hapo waelekee wapi. Ikifika likizo ya shule, wavulana wakipewa darubini mara moja hawatakuachia amani tena.

Tena, usidharau kilicho nje ya geti lako. Kwenye ploti ambazo hazijajengwa huko kwenu bado kuna ile migunga mifupi yenye vinundu vyeusi kwenye miiba. Ndani ya vinundu mna chungu, na chungu hao hutoboa matundu. Upepo ukivuma, matundu yanapiga mluzi. Simameni kimya jioni msikilize. Hii miti ndiyo ilikuwa wenyeji wa nyanda zote za Athi kabla yetu, na kila nyumba mpya inapunguza kadhaa. Watoto waangalie tu wasiguse, kwa sababu wale chungu hawana subira. Na wavae viatu vilivyofunika mguu, bafe hupenda nyasi ndefu.

Mama Pacha

Ile yenye vinundu iko nyuma ya ukuta wetu! Nilidhani ina ugonjwa.

Fundi wa Mawe

Ongeza onyo moja hapo. Upande wa Njiru na Kayole kuna machimbo ya mawe yaliyoachwa, yamejaa maji, pembeni nyasi zimeota na panapendeza kwa macho. Vijana huenda kuogelea. Kina chake hakijulikani na kingo zinabomoka. Hata kwa kupiga picha, usiwapeleke watoto.

Mzee wa Kariokor

Binti yangu, wamekujibu vizuri kuhusu matembezi. Mimi nimeshikwa na habari ya kile kiwanja na kokoto zake, naona wengi wameiruka.

Huo msitu wa Karura mnaoelekezana leo, mwishoni mwa miaka ya tisini sehemu yake ilikuwa imeshagawiwa watu binafsi. Januari 1999 Wangari Maathai alikwenda kupanda mti pale, akapigwa na walinzi hadi damu ikamtoka kichwani. Miaka kumi kabla, 1989, alikuwa amepigania Uhuru Park lisisimamishwe jengo la ghorofa 60, akatukanwa hadi bungeni. Mimi nilikuwa kijana, nilikuwa upande wa waliosema huyo mama anatafuta umaarufu. Watu hao hao leo wanapigia picha za harusi kwenye nyasi zile.

Kiwanja chenu ni kidogo lakini kinaliwa kwa njia ile ile. Kwanza kokoto. Halafu kibanda. Halafu mlinzi anafuga kuku. Halafu siku moja kuna msingi umechimbwa usiku.

Mpimaji

Mzee amegusa penyewe. Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo nivumilieni.

Mama Pacha, mchoro uliotolewa wakati wa kuuza ploti si ramani, ni tangazo. Karatasi zenye nguvu ni mbili: mpango wa mgawanyo ulioidhinishwa na kaunti, na ramani ya upimaji iliyowekwa Survey of Kenya, idara ya upimaji ya serikali. Omba uone zote mbili, uangalie lile eneo limeandikwa nini. Likiwa limetengwa kwa matumizi ya umma na kusalimishwa kwa serikali, kampuni haina cha kuuza. Likiwa na namba ya ploti sawa na zenu, na hati iko kwa jina la kampuni au la mkurugenzi wake, basi kiwanja hakipo, kuna ploti ambayo haijapata mnunuzi. Nimeona mara nyingi awamu ya pili ikiuza kiwanja cha awamu ya kwanza.

Ukishapata namba, fanya sachi, yaani uchunguzi wa nani anamiliki, kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni. Kwa upande wa Nairobi mfumo huo upo tangu 2021 na unaweza kuifanya ukiwa umeketi kwako. Wakikuzungusha kaunti, andika barua ukitaja Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Barua itoke kwa wakaazi wote pamoja, yenye sahihi za wenye ploti, kwa sababu barua ya mtu mmoja hupotea kwenye trei. Pigeni picha za zile kokoto leo, zenye tarehe. Hifadhini ule mchoro wa mauzo pia. Hauwapi umiliki, lakini unaonyesha mliahidiwa nini mkalipia.

Na msingoje majibu ndipo muanze kutumia mahali hapo. Eneo ambalo watoto wanacheza mpira kila Jumamosi ni gumu zaidi kuuzwa kuliko eneo lenye nyasi za kiuno. Mnunuzi akija kuangalia akakuta kelele, huuliza maswali.

Baraka254

Hapa umeongea. Nafuta ya hoteli.

Mama Pacha

Mpimaji, Mungu akubariki. Nimewaonyesha majirani majibu yenu kwenye kikundi cha WhatsApp, na mmoja anasema ana nakala ya mpango wenye muhuri wa kaunti. Tutakutana naye Jumapili baada ya ibada. Jumamosi hii naenda Arboretum, Kipepeo amenishawishi, na shosh ameshaanza kuuliza avae viatu gani. Karura itafuata kwa njia ya bypass.

Swali la mwisho. Tukiweza kuondoa kokoto, tupande mti gani? Udongo wetu ni ule mweusi, mvua ikinyesha unashika gumboot hadi mguu unatoka peke yake, na kiangazi unapasuka nyufa za kumeza kijiko.

Mpenda Ndege

Pandeni mgunga wenye gamba la manjano, ule mnaouona Naivasha kandokando ya ziwa. Unavumilia udongo mweusi na maji yaliyotuama, unakua haraka, na kivuli chake ni chepesi kiasi kwamba nyasi chini hazifi. Una miiba, kwa hiyo uwekeni pembeni na katikati muache mpira. Miche na mbegu ulizeni KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, kule Muguga, au vitalu vya wenyeji huko kwenu. Chimbeni mashimo mapema, mpande mvua ndefu zikishashika. Mwaka wa kwanza adui si kiangazi, ni mbuzi. Zungushieni kila mche matawi ya miiba, na mwenye mbuzi aambiwe.

Mama Pacha

Mbuzi ni wa mwenyekiti wa wakaazi.