Nyumba za kale Evanston: Dawes, Willard au Griffin?

MamaZawadi: Wadau habari zenu, Jumamosi nakuja Evanston hapo kaskazini ya Chicago, kando ya Ziwa Michigan, nataka kuona nyumba za zamani ila nina mchana mmoja tu. Nianze na ipi kati ya Dawes House, ya Frances Willard na zile za staili ya Prairie?

FundiSele: Dada anza na Dawes. Ilijengwa miaka ya 1890 kwa mfano wa makasri ya Ufaransa, ya matofali, paa limesimama kweli kweli, minara ya mviringo huku na huku, na ziwa liko hapo hapo mbele. Charles Dawes aliinunua 1909, baadaye akawa makamu wa rais wa Marekani chini ya Coolidge. Ukiiona hutauliza tena.

BiRehema: Kaka Sele hapo tunapishana. Ile ni fahari ya matajiri, sawa ni nzuri, lakini mimi moyo wangu uko kwa Willard. Babake aliijenga 1865, nyumba ya mbao ya staili ya Gothik, angalia kingo za paa zilivyochongwa nakshi halafu sogea ukutani, mbao zimesimamishwa wima na kila kiungo kimezibwa na ubao mwembamba ili upepo wa baridi usipenye. Humo ndo Frances aliishi akiongoza WCTU, chama cha wanawake waliopinga pombe, kuanzia 1879 mpaka alipofariki 1898, wageni na barua haviishi mlangoni. Kwangu hiyo inaizidi minara yote.

Tomu_RogersPark: Nyie mnamsahau Walter Burley Griffin, msanifu wa majengo wa staili ya Prairie! Nyumba aliyomchorea Carter, 1910, mtaa wa Judson. Griffin alifanya kazi kwa msanifu mashuhuri Frank Lloyd Wright, halafu 1912 akashinda shindano la kuchora mji wa Canberra, mji mkuu wa Australia. Prairie ni upenu mpana, madirisha yamepangwa mfululizo, kila kitu kinafuata ardhi ya huku ilivyo tambarare, hawakutaka kuiga Ulaya. Ila wanaishi watu, utaangalia kutoka barabarani tu.

MamaZawadi: Sasa mmenitia hamu ya zote, kwa miguu inawezekana?

BiRehema: Inawezekana kabisa mama. Shuka treni katikati ya mji, anza Willard, teremka Dawes, malizia Judson. Ila cheki ratiba kwanza, Willard na Dawes hazifunguliwi kila siku.

FundiSele: Na Dawes ingia ndani, usiishie kupiga picha nje.