Tahoe na matairi ya baridi: je, fowili na alama ya M+S vinatosha hapa Québec, Kanada?

Mama Neema, Sherbrooke

Habari zenu, ndugu. Tumenunua Chevrolet Tahoe ya mwaka 2018 kwa sababu familia yetu ni kubwa na mara kwa mara tunakwenda Montréal kwa barabara kuu namba 10. Gari lina matairi ya 275/55R20 yenye maandishi ya M+S (yaani matope na theluji) ubavuni, na kashata zake, yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara, bado ni nene. Aliyetuuzia anasema kwamba gari la fowili, yaani linalosukumwa na magurudumu yote manne, lenye matairi hayo halihitaji kingine. Shemeji yangu naye anatushauri tufunge matairi ya LT (ya malori madogo), yale yenye kashata kubwa za kupita matopeni. Naomba ushauri wa wanaofahamu, kwa maana seti nzima si fedha kidogo.

Fundi wa Gatineau

Mama Neema, kwa upande wa sheria hakuna mjadala. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi, gari la abiria lililosajiliwa Québec ni lazima liwe na matairi ya baridi, na tangu Desemba 2014 maandishi ya M+S peke yake hayahesabiwi. Tafuta ubavuni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Ukikutwa bila matairi hayo, faini ni kati ya dola 200 na 300.

Hata kama sheria isingekuwapo, ningekushauri vivyo hivyo. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, na ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri, unene wa kashata hausaidii sana. Mpira wa tairi la baridi umetengenezwa ili ubaki laini, na ukiiangalia kashata yake kwa karibu utaona imekatwa mikato mingi myembamba kama chale, ambayo kingo zake ndizo zinazouma barafu.

Fowili husaidia gari kuondoka, lakini katika kusimama haiongezi kitu, kwa kuwa kila gari hufunga breki kwa magurudumu yote manne. Tahoe ina uzito wa takriban tani mbili na nusu kabla hamjapanda, na uzito huo wote unazuiwa na sehemu nne ndogo za mpira zinazogusa barabara. Jambo linalonitia hofu katika magari haya ni kwamba huondoka kwa wepesi mno, hivyo dereva hautambui utelezi mpaka anapokanyaga breki.

Idi, Edmonton

Shemeji yako ana nia njema, lakini barabara zenu husafishwa, na kinachobaki ni theluji iliyoshindiliwa ikawa barafu. Kashata kubwa zisizo na mikato huteleza hapo. Tairi la LT lina kazi yake kwa anayevuta trela zito wakati wa baridi, ila ni gumu na linahitaji upepo mwingi zaidi ili kubeba mzigo uleule.

Mimi ningeshuka hadi 265/65R18, yaani rimu ya inchi 18 badala ya 20, saizi ambayo kiwanda chenyewe kilifunga kwenye baadhi ya Tahoe za toleo hilo. Kimo cha tairi kinapungua kwa asilimia moja tu, kwa hiyo spidomita haitadanganya, ubavu mrefu unavumilia mashimo ya majira ya kuchipua, na bei kwa kawaida ni nafuu. Angalia pia namba ya mzigo inayofuata saizi: 113 ni kilo 1,150 kwa kila tairi, na 114 ni kilo 1,180. Usishuke chini ya namba iliyo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva.

Mama Neema, Sherbrooke

Asanteni sana. Nimeona matairi yaliyotumika, yana alama ya mlima, na mwisho wa namba za DOT (namba za utengenezaji zilizo ubavuni) pameandikwa 3817. Je, naweza kuchukua mawili ya nyuma kwanza?

Fundi wa Gatineau

3817 ni wiki ya 38 ya mwaka 2017. Mpira wa umri huo umeshapoteza ulaini unaoulipia, hata kashata zikionekana mpya, kwa hiyo yaache. Ukipata mengine, pima kina: chini ya milimita 4.8 tairi halifai tena kwa theluji, ingawa sheria inaruhusu hadi 1.6.

Mawili hapana, mama. Ukifunga nyuma tu, usukani utageuka huku gari likiendelea kwenda mbele moja kwa moja. Nunua manne pamoja na rimu zake ili yasivuliwe na kuvishwa kila msimu. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo hadi Nm 190 (kipimo cha nguvu ya kukaza), na zikaguliwe tena baada ya kilomita 100 hivi. Upepo upime asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu hupungua kadiri ya psi moja (kipimo cha upepo) kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazoshuka.