MALALAMIKO: Hifadhi ya ardhi oevu inatoza kiingilio cha elimu huku kituo chake cha elimu kimefungwa kwa mnyororo

Wanajukwaa, salaam. Nimejizuia kwa siku tatu kabla ya kufungua uzi huu kwa sababu sikutaka kuandika jambo ambalo baadaye ningelijutia. Siku tatu zimekwisha na hasira bado ipo palepale, kwa hiyo naandika. Jina la hifadhi sitalitaja, kwa kuwa nimekwisha kuwapelekea wahusika barua na ninawapa nafasi ya kujibu.

Nilikwenda na mama yangu mzazi, ambaye hutembea kwa bakora, pamoja na mwanangu wa miaka tisa. Bango la langoni linatangaza mambo matatu: njia za miguu zinazopita katikati ya kinamasi, kibanda cha kutazamia ndege, na kituo cha elimu kwa wageni na wanafunzi. Risiti tuliyopewa imeandikwa wazi kwamba kiingilio ni cha huduma zote tatu. Tulilipa kiingilio kamili, watu watatu, na hakuna aliyetuambia neno lolote pale dirishani.

Kituo cha elimu tulikikuta kimefungwa kwa mnyororo, na kufuli lenyewe limeshika kutu kiasi kwamba hata mtoto alitambua halijafunguliwa kwa muda mrefu. Tulichungulia kioo. Ndani kulikuwa na tangi la samaki lililokauka, lenye mstari mweupe wa chumvi kuonyesha maji yalipokuwa yakifikia zamani, na viti vidogo vya wanafunzi vimepandishwa juu ya meza, miguu juu. Mwanangu alibandika paji la uso kwenye kioo na kukaa hivyo bila kusema kitu. Mkononi alikuwa na daftari alimoandika maswali 11 ya kumuuliza mwalimu wa kituo, kazi aliyoifanya mwenyewe kwa jioni mbili bila kusukumwa na mtu.

Nikamwambia asikate tamaa, tutamuuliza mwongozaji wa njiani. Laiti ningejua.

Swali lake la kwanza lilikuwa: kwa nini tope la kinamasi linanuka kama yai bovu? Mwongozaji akamjibu, namnukuu: "Haya ni maji yaliyokufa, mdogo wangu. Hayatembei, ndiyo maana yanaoza. Siku wakiyakausha, hapa patapendeza." Maneno hayo yalitoka kinywani mwa mfanyakazi wa hifadhi ya ardhi oevu, aliyevaa sare yenye nembo ya hifadhi hiyo, akimwambia mtoto aliyekuja kujifunza.

Harufu ile si dalili ya kufa hata kidogo. Katika tope lililojaa maji, oksijeni ni haba mno, na humo wanaishi bakteria wasioihitaji, ambao huozesha majani na mizizi kwa njia nyingine na kutoa gesi ya salfa inayonuka vile. Kwa kuwa kuoza huko huenda polepole sana, mabaki ya mimea hulundikana mwaka baada ya mwaka, na baadhi ya maeneo hugeuka kuwa mboji nzito inayofungia kaboni chini ya maji. Ardhi za mboji za namna hiyo ni takriban asilimia 3 tu ya nchi kavu yote duniani, lakini zinahifadhi kaboni nyingi kuliko mimea ya misitu yote ya dunia ikijumlishwa. Zikikaushwa, hewa huingia, mboji huoza upesi, na kaboni ile hupanda angani ikiwa hewa ya ukaa. Kwa hiyo "siku wakiyakausha patapendeza" si kauli ya kupuuzwa. Ni fikra hiyohiyo ya kuona kinamasi kama uchafu wa kuondolewa iliyochangia dunia kupoteza takriban asilimia 35 ya ardhi oevu zake kati ya 1970 na 2015, kasi inayozidi ile ya kupotea kwa misitu. Kituo cha elimu hujengwa ili kuing'oa fikra hiyo, na hapa tumelipa kiingilio ili ipandwe kichwani mwa mtoto.

Swali la pili lilikuwa kama bahari nayo inaweza kuhesabiwa kuwa ardhi oevu. Mwongozaji alicheka na kusema bahari ni bahari. Mkataba wa Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, uliotiwa saini nchini Iran tarehe 2 Februari 1971 na ambao ndio msingi wa hifadhi za aina hii, unayahesabu maji ya bahari yasiyozidi kina cha mita 6 wakati wa maji kupwa. Mtoto aliuliza swali zuri akachekwa. Baada ya hapo alilifunga daftari, na maswali tisa yaliyobaki hayakuulizwa.

Kuhusu njia yenyewe: ile ya mbao inayopita juu ya matete imeoza sehemu nyingi, misumari imechomoza, na mahali pamoja mbao nne mfululizo hazipo kabisa. Mama aligeuka akarudi peke yake hadi langoni, kwa kuwa hata benchi la kupumzikia lililochorwa kwenye ramani tulikuta limebaki vyuma viwili tu. Niliumia kumwona akirudi. Lakini liko jambo jingine ambalo huenda wengi hawalioni. Njia ya mbao haikuwekwa kwa ajili ya viatu vya wageni tu. Kazi yake kubwa ni kuzuia miguu yetu isilikanyage tope na kuligandamiza, kwa sababu mizizi ya matete na wadudu wa majini hutegemea ulaini ule. Pale mbao zilipokosekana, wageni wamejichongea njia yao pembeni, upana wa karibu hatua mbili, na matete yote yamelala chini. Ubao mmoja usiotengenezwa umezaa uharibifu ambao hautaondoka kwa kupigilia msumari.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishindwe kulala. Tulipofika kwenye kibanda cha kutazamia ndege, kwa umbali wa hatua kama kumi na tano tulimwona kibisi ameatamia. Wasiomfahamu, kibisi ni ndege mdogo wa majini, mpiga mbizi hodari, ambaye hujenga kiota kinachoelea kwa magugu maji na kukifungasha kwenye mashina ya matete ili kisichukuliwe na maji. Anapotaka kuondoka kwa utulivu huyafunika mayai yake kwa magugu mabichi, moja baada ya jingine, kisha huzama bila kelele, na ukiangalia juu utadhani ni rundo la takataka tu. Nilikuwa nimeanza kumweleza mwanangu hayo kwa kunong'ona, darubini ikiwa machoni pake, pale mwongozaji alipopiga makofi kwa nguvu mara tatu. Alitaka ndege waruke ili wageni waliokuwa na kamera wapate picha nzuri. Kundi zima liliruka kweli. Kibisi naye akajitupa majini bila kufunika chochote, na mayai manne yakabaki wazi juani, meupe yaliyochujuka kwa rangi ya magugu, yakionekana na kila kunguru na kila mwewe aliyepita juu.

Nilimwambia, "Ndugu yangu, yule alikuwa ameatamia." Akanijibu kwamba atarudi, huwa wanarudi. Tulikaa pale dakika ishirini na mbili kwa saa yangu. Hakuwa amerudi tulipolazimika kuondoka, kwa sababu mama alikuwa akitusubiri langoni peke yake. Mwanangu aliniuliza njia nzima kama mayai yale yatapona, na sikuwa na jibu.

Nilikwenda ofisini. Mhusika alinipokea kwa heshima, hilo nalikiri, na dada wa dirishani pia hakunikosea kwa lolote. Alifanya kazi aliyotumwa. Nilielezwa kwamba mwalimu wa kituo aliondoka na hajapatikana mwingine, na kwamba hata hivyo wageni wengi huja kupiga picha tu, hawaulizi maswali. Jibu hilo la pili siwezi kulipokea. Wageni watauliza wapi, kwenye mnyororo? Ibara ya 4 ya Mkataba wa Ramsar inazitaka nchi wanachama zianzishe hifadhi kwenye ardhi oevu na kuziwekea ulinzi wa kutosha, na inataka pia wafunzwe watu wenye uwezo wa kuzitafiti, kuzisimamia na kuzilinda. Mafunzo ya watumishi, kwa hiyo, ni sehemu ya wajibu wenyewe. Simlaumu hata yule kijana mwongozaji kama ninavyowalaumu waliomvika sare na kumtuma njiani bila kumfundisha kibisi ni nani.

Katika barua yangu nimedai mambo machache. Bango na risiti virekebishwe leo, visitaje kituo cha elimu hadi kifunguliwe, na kiingilio kipunguzwe kwa kiwango hicho. Njia iliyovunjika ifungwe rasmi kwa kamba mpaka itengenezwe, badala ya kuwaacha watu wakanyage matete. Kupiga makofi, kurusha mawe na kupiga mluzi karibu na viota kupigwe marufuku kwa maandishi, kuanzia kwa waongozaji wenyewe. Na waongozaji wapelekwe mafunzoni kabla ya msimu ujao wa kutaga. Hakuna hata moja kati ya haya, ukiacha mbao na mafunzo, linalohitaji fedha.

Kama yupo humu aliyewahi kufanya kazi ya elimu katika hifadhi ya ardhi oevu, naomba anisaidie kwa jambo moja: je, kibisi aliyefukuzwa namna ile hurudi baada ya muda gani, na mayai yanaweza kuvumilia jua kwa muda gani? Mwanangu ameliandika swali hilo kwenye daftari, ni la 12, na nimemwahidi kwamba nitalitafutia jibu kwa mtu anayejua. Barua ya ofisi ikijibiwa, nitalileta jibu lao hapa neno kwa neno.