Wagoni la petroli kwa laki saba, Nairobi: Fielder, Probox, Wingroad au Legacy?

MamaMasufuria (Utawala)
Habari zenu wanajamvi. Natafuta gari la petroli lenye buti refu. Nina laki saba, na ndani ya hizo itoke bima, uhamisho wa umiliki na pesa ya fundi, kwa hiyo gari lenyewe lisipite laki sita na nusu. Siku za kazi litanipeleka Industrial Area, ambako asubuhi na jioni ni foleni tupu. Wikendi napikia watu sherehe: masufuria makubwa, jiko la gesi, mtungi wa kilo 13, vyombo vya kupakulia na wasaidizi wawili. Mara moja moja twaenda kwetu Kitui, na kipande cha mwisho ni mawe na vumbi.

Nimetazama Toyota Fielder NZE141, Toyota Probox, Nissan Wingroad Y12 na Subaru Legacy ya 2006. Mume wangu anataka Legacy. Mimi bado sina upande. Nisaidieni, na tafadhali msiniambie niongeze pesa.

FundiGrogani
Karibu dada. Kwanza tuliondoe wazo la kuagiza Japani, maana najua kuna mtu atalileta. Gari linaloingia nchini lisizidi miaka minane, na ushuru wa forodha ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023, kabla hujaongeza ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16. Kwa laki saba utanunua gari ambalo tayari limekula mashimo yetu miaka kadhaa.

Sasa Fielder na Probox. Fielder ya cc 1500 na Probox ya cc 1500 (NCP51) zina injini moja, 1NZ-FE. Ni ya cheni, si ya mkanda, na ndiyo hiyo hiyo utaikuta kwenye Vitz, Premio na Allion za cc 1500. Ukiingia Kirinyaga Road, ambayo wengine wetu bado tunaiita Grogan, hukosi pampu ya maji, mauntingi wala injini nzima iliyotoka Japani. Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba Fielder ina injini ngumu kuliko Probox, mwache aendelee na safari yake.

Tofauti kubwa iko kwenye gea boksi, na wanunuzi wengi hawaiulizi. NZE141 ya otomatiki ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gea za hatua. Probox ya kizazi cha kwanza, ile iliyotengenezwa kabla ya 2014, ina otomatiki ya kawaida ya gea nne, au manyuali ya gea tano. CVT yenyewe si ugonjwa. Shida ni kwamba inataka mafuta yake maalumu, na gari lililopita mikononi mwa watu watatu huwezi kujua nani alimwagia nini humo. Gea boksi hiyo ikianza kuteleza, bei ya kuibadilisha itakuumiza kuliko kazi nyingine yoyote ya gari hilo.

Ukitaka Fielder lazima, tafuta NZE144. Hiyo ni 4WD (magurudumu yote manne yanavuta) ya kizazi hicho hicho, lakini otomatiki yake ni ya gea nne. Inakunywa kidogo zaidi, na nyingi zina bei nzuri kwa sababu watu wanaogopa neno 4WD.

LegacyDamuni
Bwana wa nyumba ana macho! Legacy BP5 ndiyo iliyokuwa Gari la Mwaka Japani 2003–2004. Magurudumu yote manne yanavuta, na viti vya nyuma si vya adhabu kama vya Probox. Kwa hilo jiwe na vumbi la Kitui hakuna inayoifikia kwenye orodha yako. Na kwa laki sita unapata iliyotunzwa vizuri, wakati Fielder ya pesa hizo imeshachoka. Chukua ya lita mbili isiyo na tabo. Achana na GT, ile yenye tabo.

RongaiKilaSiku
@LegacyDamuni gari ni zuri, sibishi. Tupige hesabu tu. Chukulia kilomita 1,000 kwa mwezi na lita moja shilingi 180. 1NZ kwenye mchanganyiko wa foleni na barabara wazi itampa kama kilomita 12 kwa lita, yaani lita 83, elfu kumi na tano. Legacy ya lita mbili kwenye foleni hizi ikikupa 8 shukuru. Hiyo ni lita 125, elfu ishirini na mbili na nusu. Elfu saba na mia tano kila mwezi ni karo ya mtoto. Na mnakumbuka Oktoba 2023 super, yaani petroli, ilipofika shilingi 217 kwa lita hapa Nairobi. Tangu wakati huo kila tarehe 14 EPRA, wanaopanga bei za mafuta, wakitangaza bei mpya, mtu wa Subaru hufungua simu kwa jicho moja.

LegacyDamuni
Hahaha, jicho moja kweli. Lakini raha nayo ina bei yake.

FundiGrogani
Niongeze moja kuhusu Legacy. EJ20, injini yake ya lita mbili, ni ya mkanda, na mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Muuzaji asipokuonyesha risiti ya kazi hiyo, hesabu kwamba haijafanywa na uondoe gharama yake kwenye bei. Ya lita 2.5 ya miaka hiyo ina historia ya gasketi ya silinda hedi. Si kila moja, ila ukiona maji ya redieta yanapungua na hakuna mahali yanapovuja, funga boneti useme asante.

Y12_Embakasi
Mbona Wingroad haitetewi na mtu? Kwa laki nne na nusu hadi tano unapata safi kabisa. Buti ni kubwa, injini ya HR15 ni ya cheni, na mafuta inatumia karibu sawa na Fielder. Laki moja na nusu inayobaki ni matairi, shoku, bushi na bima. Dada amesema hana pesa ya kuongeza, basi tumwachie hata ya akiba.

FundiGrogani
Umesema kweli na mimi nitakuunga nusu. Y12 zingine ni CVT, zingine gea nne, kwa hiyo lazima mtu atazame hilo kabla ya kulipa. Mwili wake haupendi barabara mbovu, baada ya muda huanza kuongea kila kona. Spea zipo, ila si kila duka. Na siku ya kuuza utabembeleza watu, ndiyo maana na wewe sasa unaipata kwa bei hiyo.

ShangaziWaPilau (South C)
Mwanangu MamaMasufuria, hawa wanaume wanaongea injini na wewe una masufuria. Mimi hii kazi nimeifanya tangu wengine wao wako shule ya msingi, basi nisikilize.

Mambo mawili. La kwanza ni mlango wa nyuma. Fielder ina kioo cha nyuma kilicholala, kwa hiyo ukipanga masufuria mawili makubwa, moja juu ya jingine, la juu linagonga kioo kabla mlango haujafunga. Probox mgongo wake umesimama wima kama kabati. Wingroad iko katikati ya hizo mbili. Usipime kwa macho: beba sufuria lako kubwa kabisa mpaka yadi, ulitie ndani, ufunge mlango. Watakucheka, wacha wacheke.

La pili ni wasaidizi. Probox ile ya van, kiti cha nyuma ni chembamba na kimesimama wima. Kinalala chini vizuri sana ukibeba mzigo, lakini ukiwapeleka watu wazima mpaka Kitui watashuka hawakusalimii. Kama kila Jumamosi wasaidizi wanakaa nyuma, hilo lifikirie sana. Na mtungi usimamishwe wima na ufungwe kamba, dirisha liwe wazi kidogo. Nimeona vijana wanaulaza chini ya masufuria, sijui wanamtegea nani.

MamaMasufuria
Asante sana Shangazi. Wasaidizi kukaa nyuma ni kila wiki. Na mlango wa Fielder sikuwa nimeufikiria hata kidogo. Swali la aibu: wateja wa harusi wakiona naingia na Probox?

ShangaziWaPilau (South C)
Wataona pilau.

MzeeWaDonholm
Kuhusu Probox, binti yangu, swali ni ilifanya kazi gani kabla yako. Nyingi zimebeba miraa zikikimbizwa usiku, na nyingine zimebeba abiria vijijini, watu kumi na mizigo juu. Gari kama hilo hupakwa rangi, likapigwa polishi, likaletwa Nairobi likauzwa kama la mwalimu mstaafu. Inua zulia la buti utazame kama kuna matundu ya bolti, mahali palipofungwa kiti cha ziada. Tazama springi za nyuma: zikiwa nene kuliko kawaida au zimewekewa vipande vya kuinua, lilikuwa likibebeshwa. Tazama pia mikanda ya viti vya nyuma. Gari la familia huwa nayo yote. Mita ya kilomita isikudanganye hata kidogo. Usukani uliong'aa na pedali zilizolika vitakuambia ukweli zaidi.

Fielder nazo zisijione. Nyingi za hapa mjini zilifanya teksi ya simu miaka mitatu, minne. Kiti cha dereva kimebonyea, vya nyuma vina mikwaruzo ya masanduku ya kwenda uwanja wa ndege.

KaratasiKwanza
Niingilie upande wa makaratasi kwa sababu hakuna aliyeugusa. Kabla ya kutoa hata shilingi, fanya utafutaji wa gari kwenye tovuti ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, malipo yake ni madogo. Jina litakalotoka liwe la mtu aliyesimama mbele yako na kitambulisho chake. Ukiona jina la benki au la wakopeshaji pembeni ya lake, deni halijaisha, na gari linaweza kuchukuliwa kwako hata kama ulilipa zote. Usikubali “jamaa yuko ng'ambo, mimi ni binamu”. Pesa zilipwe uhamisho ukiwa umeanzishwa kwenye mtandao, si kwa ahadi.

Bima nayo ina kamtego. Wewe unabeba vyombo vya biashara, kwa hiyo mwambie wakala hivyo. Kuna bima ya gari binafsi na kuna ya biashara kwa anayebeba bidhaa zake mwenyewe, na siku ya ajali wataangalia ulikuwa umebeba nini. Tena gari la 2006 au 2008, kampuni nyingi hazitakupa bima kubwa, zitakupa ya mtu wa tatu tu. Ukitaka kubwa, uliza kwanza umri wanaokubali, ndipo uchague mwaka wa gari.

Y12_Embakasi
Na je, kununua kagari kadogo ka kwenda kazini, halafu wikendi akodi Probox?

RongaiKilaSiku
Ingefaa kama sherehe ni moja kwa mwezi. Amesema kila wiki. Na Desemba, sherehe zinapojaa, na magari ya kukodi yanaisha.

MamaMasufuria
Nimewasoma wote, nikarudia. Mume ameona hesabu ya mafuta, amenyamaza, nadhani Legacy imekufa kwa amani. Nimebaki na NZE144 na Probox, lakini kile kiti cha nyuma kinanisumbua. Kuna muuzaji Kiambu Road ameniambia ana Toyota Succeed. Ni gari gani hilo?

FundiGrogani
Hapo sasa! Succeed ni pacha wa Probox. Injini ni hiyo hiyo, gea boksi ni hizo hizo, na nyuma imerefushwa kidogo kwa hiyo buti ni refu zaidi. Ila uliza kama ni ya van au ya wagoni. Ya wagoni imetengenezewa abiria, kiti cha nyuma kina nyama. Kwa macho huwezi kukosea: kaa nyuma wewe mwenyewe, magoti yako na mgongo vitajibu. Watu wengi wa hapa wanatafuta Probox kwa jina, Succeed inapitwa, kwa hiyo bei zungumza bila haya.

Kwa mahitaji yako mimi ningechukua Succeed ya wagoni kabla ya NZE144. Ikiwa ni ya van tu na wasaidizi lazima wakae nyuma kila wiki, basi NZE144, na masufuria uyapange upande kwa upande badala ya kuyapandisha.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa boneti: ikiwa moto, kuna kitu alikuwa anakificha asubuhi. Iwashe mwenyewe ikiwa baridi. Cheni ikikwaruza zaidi ya sekunde chache, au moshi wa samawati ukitoka, bei imeshuka au umeondoka. Nenda na fundi mwenye skana, si fundi wa muuzaji. AA, chama cha wenye magari, pia hukagua magari kwa malipo kama huna fundi unayemwamini.

LegacyDamuni
Nimeumia, lakini Succeed siwezi kuipinga. Mpe mzee pole yangu.

MamaMasufuria
Nitafikisha. Naenda Jumamosi asubuhi, sufuria liko tayari mlangoni. La mwisho: ikiwa ni manyuali niiogope kwa ajili ya foleni?

RongaiKilaSiku
Usiogope, mguu huzoea. Klachi ya 1NZ ni nyepesi na kuibadilisha ni nafuu mno ukilinganisha na CVT. Ila siku ya Outering ikifungwa na mvua utatukumbuka.

FundiGrogani
Na utazame ubavu wa tairi. Kama imewekewa tairi za kawaida za saluni na wewe unabeba masufuria yaliyojaa, badilisha uweke za mzigo, zenye alama ya 6PR au 8PR. Hizo ziingize kwenye mazungumzo ya bei kabla hujataja kiasi ulicho nacho.